Historia ya ESARBICA, chama cha watunza nyaraka cha Mashariki na Kusini mwa Afrika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

ESARBICA ni nini hasa?

Ni tawi la kanda ya Mashariki na Kusini mwa Afrika la Baraza la Kimataifa la Nyaraka, lile ambalo wengi hulitaja kwa kifupi chake, ICA. Baraza lilianzishwa Paris tarehe 9 Juni 1948 chini ya mwavuli wa UNESCO, na ndiyo maana 9 Juni huadhimishwa kuwa Siku ya Kimataifa ya Nyaraka. Ndani ya tawi wanakutana wakurugenzi wa idara za nyaraka za taifa, wahadhiri wanaofundisha fani hii, vyama vya kitaaluma vya nchi mojamoja na watunza nyaraka wa kawaida. Tawi haliwezi kuiamuru serikali yoyote. Nguvu yake ni kukutanisha watu, kuchapisha na kusema kwa sauti moja pale nchi moja peke yake isingesikika.

Lilianza lini na wapi?

Mwaka 1969, nchini Kenya, kwa jina la ECARBICA: Tawi la Kanda ya Afrika Mashariki na Kati. Tawi la kwanza la Baraza popote duniani lilikuwa la Kusini-Mashariki mwa Asia, lililoanzishwa mwaka mmoja tu kabla yake, 1968. Afrika Magharibi, nchi za Kiarabu, Karibi na Amerika ya Kilatini walifuata katika miaka ya 1970. Kanda yetu basi ilikuwa miongoni mwa zilizotangulia kabisa, jambo linalosahauliwa hata na waliosomea fani hii.

Halikuzuka ghafla. Kenya ilitunga Sheria ya Nyaraka za Umma mwaka 1965. Tanzania ilikuwa na Waraka wa Rais Na. 7 wa 1963, kisha Sheria ya Nyaraka za Taifa Na. 33 ya 1965. Kwa hiyo waliokutana 1969 walikuwa watumishi wenye sheria mkononi, ila walikuwa wachache, wenye maghala yaliyojaa majalada yasiyopangwa na wasio na mwenzao wa kumuuliza ndani ya nchi zao.

Kwa nini nchi changa kama hizo zilihitaji chama cha kanda badala ya kila moja kujijenga kivyake?

Kwa sababu karatasi zenyewe zilikuwa hazifuati mipaka. Hili ndilo jambo la kulielewa kwanza. Mengine yote ya historia ya chama hiki yanatokana nalo.

Chukua Harare. Idara ya nyaraka ya Rhodesia ya Kusini, yaani Zimbabwe ya leo, ilianzishwa 1935. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikapanuliwa kuwa Nyaraka za Afrika ya Kati, ikihudumia pia Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, yaani Zambia na Malawi za leo. Shirikisho la nchi hizo tatu lilipovunjika mwaka 1963, kila nchi ilienda njia yake, lakini majalada ya Shirikisho yakabaki Harare. Mtu wa Lusaka anayetafuta uamuzi wa Shirikisho uliogusa migodi ya Copperbelt analazimika kuvuka mpaka. Suala kama hilo haliwezi kumalizwa na Zambia peke yake, wala na Zimbabwe peke yake.

Tanzania Bara nayo ilikuwa na kisa chake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walihamisha majalada ya serikali kuu kutoka Dar es Salaam hadi Tabora, na mwaka 1916 wakayafukia ardhini kabla ya mji kutekwa. Yalifukuliwa baadaye, wakati wa utawala wa Waingereza. Ukiagiza leo jalada la mfululizo wa G, yaani wa majalada hayo ya Kijerumani, katika Nyaraka za Taifa, huenda unashika karatasi iliyowahi kulala udongoni. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wataalamu kutoka Ujerumani walikuja kuyapanga na kuyaorodhesha, na mwongozo wake ukachapishwa 1973 kwa juzuu mbili, kwa Kijerumani. Hapo panaonekana tatizo la tatu, na kwangu ndilo lililokuwa kubwa zaidi: uhaba wa watu. Mtunza nyaraka aliyesomea kazi hakupatikana kirahisi. Kituo cha mafunzo kwa nchi za Afrika zinazotumia Kiingereza kilifunguliwa Legon, Ghana, katikati ya miaka ya 1970. Kabla ya hapo ilikuwa London au kujifunzia kazini.

Mara nyingi tunasikia "nyaraka zilizohamishwa". Zinahusianaje na chama?

Zinahusiana moja kwa moja. Ni hoja ambayo haijawahi kutoka katika mazungumzo ya kanda.

Uhuru ulipokaribia, makoloni ya Uingereza yalipewa maelekezo ya kuchambua majalada yao. Karatasi ambazo zingeiaibisha serikali ya Uingereza, polisi, jeshi au watoa habari hazikutakiwa kuachiwa serikali mpya. Majalada yakagawanywa mafungu mawili: ya kurithiwa na serikali mpya, na yale ya "kuangaliwa", ambayo Mwafrika hakuruhusiwa hata kuyashika. Fungu la pili ama lilisafirishwa London ama liliteketezwa. Maelekezo ya kuchoma yalikuwa ya kina: karatasi ziwe majivu, na majivu yenyewe yapondwepondwe. Palipokuwa pagumu kuchoma, makasha yajazwe uzito na kuzamishwa kwenye kina kirefu, mbali na pwani.

Kenya iliomba irudishiwe karatasi zake mwaka 1967, miaka miwili kabla ya chama kuzaliwa, ikakataliwa. Ukweli ulitoka hadharani 2011, wazee wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza na serikali hiyo ikakiri kwamba ina majalada takriban 8,800 kutoka makoloni 37, yakiwa yamefichwa Hanslope Park, kituo cha serikali chenye ulinzi mkali nchini Uingereza. Ya Kenya peke yake yalikuwa kama 1,500. Juni 2013 serikali hiyo ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Majalada yakahamishiwa Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew, mfululizo wa FCO 141, ambako mtu yeyote anaweza kuyasoma. Hayajarudishwa.

Kisheria mlango ni mwembamba. Mkataba wa Vienna wa 1983 kuhusu urithi wa mali, nyaraka na madeni ya dola una sehemu nzima kuhusu nyaraka, lakini haujapata kuanza kutumika kwa kukosa idadi ya nchi zilizouridhia. Kwa hiyo kilichobaki ni maazimio, shinikizo la kitaaluma na nakala. Kenya ilichukua njia ya nakala mapema: mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 ilipeleka watu Uingereza kutambua nyaraka zinazoihusu na kuzinakili kwenye maikrofilamu, yaani filamu zenye picha ndogo za kurasa. Nakala ni msaada wa kweli kwa mtafiti. Lakini mwenye mali anayepewa fotokopi ya hati ya shamba lake hajarudishiwa hati, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa kuzunguka.

Jina lilibadilika lini, na je, linaathiri utafiti wangu?

Lilibadilika katika miaka ya 1980. Mkutano wa Harare wa Septemba 1982 bado ulijulikana kuwa wa saba wa ECARBICA. Mwaka huohuo nchi za Afrika ya Kati, nyingi zikiwa zinazotumia Kifaransa, zilianzisha tawi lao, CENARBICA. "Kati" ikawa ya wengine, na upande wetu ukajitambulisha kwa Mashariki na Kusini.

Utafiti wako unaathirika sana. Ukiandika "ESARBICA" peke yake kwenye katalogi ya maktaba, unapoteza zaidi ya miaka kumi ya mwanzo. Tafuta kwa majina yote mawili, kisha kwa majina ya nchi ya wakati ule: Rhodesia, Swaziland. Na unapoandika, usiseme "ESARBICA ilianzishwa 1969" bila kuongeza kwamba ilianza kwa jina la ECARBICA. Kosa hilo limenakiliwa kutoka makala hadi makala mpaka wanafunzi wanadhani ECARBICA ni chama kingine kilichokufa.

Nchi gani ni wanachama? Na kwa nini Zanzibar hutajwa peke yake?

Miongoni mwao ni Angola, Afrika Kusini, Botswana, Eswatini, Kenya, Lesotho, Malawi, Msumbiji, Namibia, Tanzania, Zambia, Zanzibar na Zimbabwe. Namibia iliingia baada ya uhuru wake wa 1990, na Afrika Kusini ikakaribishwa ubaguzi wa rangi ulipoanguka. Kuingia kwa Angola na Msumbiji kuliongeza Kireno katika familia ambayo nyaraka zake nyingi ziko kwa Kiingereza.

Zanzibar hutajwa yenyewe kwa sababu ya Katiba: nyaraka haziko kwenye orodha ya mambo ya Muungano. Ina taasisi yake, sheria yake na ghala lake Kilimani, lenye majalada ya ubalozi wa Waingereza, ya serikali ya Sultani na maandishi ya Kiarabu. Barua ya kuomba nyaraka za Zanzibar ukiipeleka Dar es Salaam umepoteza wiki.

Kongo, Rwanda na Burundi ziko upande wa CENARBICA. Wasomaji wa Kiswahili wa Bukavu au Bujumbura huona ajabu hapo, na wana haki, kwani lugha na biashara zinawaunganisha na mashariki. Mgawanyo ulifuata lugha ya utawala na mahali pa mafunzo: watunza nyaraka wa nchi zinazotumia Kifaransa walisomea Dakar.

Mikutano hufanyika kila baada ya muda gani?

Kila miaka miwili, nchi ikipokezana na nyingine. Kuna hesabu rahisi ya kuhakiki tarehe. Chukua namba ya mkutano, zidisha kwa 2, ongeza 1969. Mkutano wa 19 ulikuwa Dar es Salaam: 38 na 1969 ni 2007, sahihi. Wa 21 Maputo, 2011. Wa 22 Nairobi, 2013. Wa 23 Victoria Falls, 2015. Wa 24 Malawi, 2017. Ukikuta makala inataja mkutano wa 21 na mwaka 2009, mojawapo ni kosa la chapa.

Hesabu hii haifai kwa miaka ya mwanzo. Kwa mkutano wa saba ingekupa 1983, ilhali ulifanyika 1982. Itegemee kuanzia miaka ya 2000 hadi mkutano wa 24, na kwa ya nyuma shika tarehe iliyo kwenye jalada la kitabu cha mkutano wenyewe.

Jarida la chama linapatikana wapi?

Lilianza 1973 kwa jina la jarida la ECARBICA, sasa ni ESARBICA Journal, na hutoka mara moja kwa mwaka. Matoleo ya miaka ya karibuni yamo kwenye mtandao wa African Journals Online. Ya mwanzo mara nyingi hayajapigwa picha za kidijitali. Yatafute kwenye maktaba za idara za nyaraka za taifa na vyuo vinavyofundisha fani hii, kama vile Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Botswana.

Usisome makala za kitaaluma pekee. Katika majarida ya zamani, taarifa za nchi ndizo zenye utajiri: kila nchi inaeleza ina watumishi wangapi, imepokea majalada kiasi gani, paa linavuja wapi. Ukizipanga kwa miaka unaona kazi ilivyokua au kudumaa, jambo ambalo hotuba ya ufunguzi haitakuambia.

Naandika tasnifu kuhusu historia ya chama. Nianzie wapi?

Anza na vilivyochapishwa: jarida na vitabu vya mikutano. Tengeneza jedwali lako la mwaka, mji, namba ya mkutano, mada na viongozi waliochaguliwa. Jedwali hilo ndilo litakaloonyesha nchi gani ilishika uongozi mwaka gani, na kwa hiyo ni ghala la nani la kuchimba. Barua za mwenyekiti hukaa kwenye majalada ya ofisi aliyokuwa anafanyia kazi. Mwenyekiti akiwa mkurugenzi wa nyaraka wa nchi fulani, tafuta majalada ya utawala ya idara yake, si jalada lenye jina la chama tu. Huwa yameandikwa "Ushirikiano wa Kimataifa", "Mikutano ya Nje" au "Safari za Watumishi". Majalada ya safari yasidharauliwe: ombi la nauli hueleza kwa nini mkutano una maana, na jibu la hazina hueleza kwa nini mjumbe hakwenda.

Kisha angalia umri wa majalada. Kenya na Tanzania hufungua majalada ya umma baada ya miaka 30, Zimbabwe 25, Afrika Kusini 20. Kwa hiyo barua za mwaka huohuo zinaweza kuwa wazi Pretoria na bado zimefungwa Nairobi. Tumia tofauti hiyo: nakala ya barua ile ile mara nyingi ilitumwa nchi zote wanachama.

Kibali kiombe mapema. Kenya ni kupitia NACOSTI, Tanzania Bara ni COSTECH, zote zikiwa tume za taifa za sayansi na teknolojia, na Zanzibar ina utaratibu wake. Nenda na barua ya chuo, nakala ya kitambulisho, na penseli, kwa sababu kalamu ya wino hairuhusiwi kwenye chumba cha kusomea. Andika namba kamili ya rejea kila unapofungua jalada, kabla ya kusoma mstari wa kwanza. Anayesema ataiandika baadaye hurudi nyumbani na nukuu nzuri isiyo na mahali pa kuiegemeza.

Kumbukumbu za vyama vyenyewe hupotea vipi, na tuzuie vipi?

Swali hili hutoka kwa vyama vya nchi na vya mikoa zaidi, na linauma kwa sababu waathirika ni watu ambao kazi yao ni kutunza. Chama chenye uongozi wa kupokezana hakina ghala moja. Katibu anamaliza muda wake, boksi linabaki chini ya meza yake, anastaafu, ofisi inapakwa rangi, na anayefanya usafi hajui kilichomo. Siku hizi ni rahisi zaidi: barua zote ziko kwenye barua pepe binafsi ya katibu, na nywila anaijua yeye.

Kwanza amueni kwa azimio la mkutano mkuu kwamba kumbukumbu ni mali ya chama, na mtaje ghala moja la kudumu la kuzipokea. Wekeni muda: yote yawe yamekabidhiwa ndani ya siku 90 baada ya uchaguzi.

Pili, yajueni ya kudumu. Katiba na kila marekebisho yake, mihtasari iliyosainiwa, orodha za wanachama kwa kila mwaka, hesabu zilizokaguliwa, barua za maamuzi, programu za mikutano, picha zenye majina nyuma. Stakabadhi ndogondogo na nakala za ziada ziwekewe muda, kisha ziteketezwe kwa hati. Chama cha wanachama 200 kikichambua vizuri, miaka miwili ya uongozi haizidi maboksi mawili au matatu.

Tatu, hati ya makabidhiano iwe na nakala tatu: anayetoa, anayepokea na ghala. Kila jalada liandikwe kwa mstari wake. Kuandika "boksi moja la mafaili" si makabidhiano.

Kuhusu karatasi zenyewe: ondoa pini za chuma, klipu na mipira ya kufungia. Pini ikipata kutu huacha alama ya hudhurungi inayokula karatasi mpaka tundu, na mpira wa kufungia huyeyuka ukaganda juu ya maandishi. Usitumie selotepu kuunga palipochanika. Karatasi za stensili za miaka ya 1970 huvunjika kama biskuti kwenye kunjo, hivyo zilazwe bila kukunjwa. Mikoa ya pwani hofu kubwa ni unyevu: ukipanda juu ya asilimia 65 kwa muda, kuvu inaanza. Maboksi yakae sentimita 15 au zaidi kutoka sakafuni, yasigusane na ukuta. Na ukifungua kopo la maikrofilamu ya zamani ukasikia harufu ya siki, plastiki yake imeanza kuoza; litenge na mengine siku hiyohiyo, maana mvuke wake huharibu yaliyo jirani.

Orodha ya maboksi tuiandike kwa mfumo gani?

Tumieni kiwango cha maelezo cha Baraza la Kimataifa, ISAD(G). Kina vipengele 26, lakini vya lazima ni sita: namba ya rejea, kichwa, aliyezalisha, tarehe, wingi na ngazi ya maelezo. Sita hivyo vinatosha kabisa kuanzia kwenye jedwali la kompyuta. Mkizoea, hamieni AtoM, programu ya bure iliyoanzishwa kwa udhamini wa Baraza hilo. Msianze na programu kabla ya orodha.

"Nyaraka", "kumbukumbu", "makavazi": lipi ni sahihi?

Tanzania, kumbukumbu ni karatasi au data ambayo ofisi bado inaihitaji kwa kazi na hukaa masijala. Nyaraka ni zile zilizochaguliwa kuhifadhiwa milele. Sheria Na. 3 ya 2002 inaziweka zote mbili chini ya idara moja. Kenya utasikia "makavazi", neno ambalo wengine hulitumia pia kwa makumbusho. Ukiandika kwa wasomaji wa pande zote, lifafanue mara moja mwanzoni na usibadilishe katikati.

Mtu binafsi anaweza kujiunga?

Ndiyo. Baraza lina makundi manne: A ni taasisi za taifa, B ni vyama vya kitaaluma, C ni taasisi nyingine zenye nyaraka, D ni watu binafsi. Mfanyakazi wa masijala ya halmashauri anaingia kundi D. Chama cha nchi kinaingia B. Kabla ya kulipa, uliza kwa maandishi kama ada hiyo inagusa Baraza, tawi au vyote viwili, na utunze jibu pamoja na stakabadhi. Kura katika mikutano si sawa kwa makundi yote, hivyo soma katiba inayotumika mwaka huo kabla ya kusafiri.